Boti ya Mbulumbulu

Siku ya mnada Bartolomeo alikuwa nyuma ya duka la Seif, Karatu mjini, ameinama anakagua boti. Hakuwahi kununua boti maishani mwake, na kwao hakuna aliyewahi, kwa hiyo aliikagua kwa namna aliyoijua, yaani namna ya ng'ombe. Aliipapasa ubavu, akagonga tumbo kwa kiganja akasikiliza, akazunguka nyuma akaitazama injini kwa muda mrefu, halafu akauliza ina umri gani na kwa nini inauzwa. Kuku wa mke wa Seif walikuwa wametagia chini ya benchi la mbele. Walimtazama bila kuondoka.

"Haina ugonjwa," Seif alisema. "Kuna mzungu alikuwa na shamba la ngano huko juu, alikuwa anavulia samaki Mwanza. Siku anarudi kwao akaniachia mimi. Nikasema nitaipeleka Eyasi. Nimeikokota mpaka Eyasi, wallahi, nakuta ziwa limekauka, watu wanakatiza katikati na baiskeli. Nikageuza."

"Inapiga teke?"

"Ukivuta kamba vibaya inapiga, ndiyo."

Bartolomeo akaridhika. Muuzaji anayekubali kwamba mnyama wake anapiga teke si mwongo sana.

Ilikuwa mwaka wa themanini na tatu, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, na kila mwenye duka alikuwa anaviogopa vitu vyake mwenyewe. Watu walikuwa wanakamatwa kwa katoni za sabuni. Seif alikuwa na boti nzima, yenye injini, katika mji usio na ziwa. Angeulizwa ya nini, angejibu nini? Alikuwa ameifunika turubai, na juu ya turubai akarundika majani ya ng'ombe, lakini pua ilikuwa inatokeza tu. Kila gari geni likipita, alikwenda kuongeza majani. Siku ile angeweza kuitoa bure, ila mfanyabiashara hawezi kusema neno kama hilo kwa mdomo wake.

"Na wewe unakwenda kuiendesha wapi, bwana Bartolomeo?"

"Kwenye ukungu."

Seif akakuna ndevu. "Ukungu wa wapi?"

"Wa kwetu Mbulumbulu. Ule unaoshuka kutoka msituni."

"Ah, ule mzito! Huo utafaa. Ila utakunywa petroli. Ukungu hauna mgongo kama maji, propela inakwangua tu."

Hapa inabidi kuwaeleza wasio wa huku. Ukungu wetu, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, si wa kupangusa kwenye kioo. Unashuka asubuhi na tena jioni, unajaa mabondeni mpaka ukingoni, unatulia. Kofia ya Martini, jirani yake Bartolomeo, iliwahi kudondoka humo ikaelea mpaka Rhotia. Waliomrudishia ni watu wa kanisani, ikiwa kavu kabisa. Vifaranga hupotea kila mwaka kwa namna hiyo, ndiyo maana wanawake wa Mbulumbulu huvifungia mpaka jua lipande. Kwa hiyo jambo la kuelea halikuwa geni. Lililokuwa halijamjia mtu kichwani ni boti, na sababu ipo. Sisi si watu wa maji. Kwenye chemchemi na mito kuna wenyewe, wasioonekana, wanaokaa humo, na tangu utoto tunaambiwa chota haraka uondoke. Bartolomeo alikuwa na miaka arobaini na kitu na hakuwahi kulowesha magoti kwa hiari yake. Lakini kuhusu ukungu wazee hawakuwahi kusema kitu. Alifikiri sana juu ya hilo, akaona ukungu hauna mwenyewe.

Waliijaribu injini kwenye pipa la maji. Seif alimwonyesha kwamba petroli ya boti huchanganywa na oili, si kama ya trekta, akavuta kamba, injini ikakohoa, ikatoa moshi, ikanguruma na kurusha maji mpaka ukutani. Kuku hatimaye waliondoka. Bartolomeo hakuuliza kingine. Walikubaliana maksai mmoja na maharage, wakapeana mikono.

"Na kamba yake," Bartolomeo alisema.

Kwao anayenunua mnyama huondoka na kamba yake, la sivyo mnyama hurudi kwa mwenyewe. Seif hakubishana. Aliingia stoo akatoka na kamba ndefu ya nailoni yenye nanga mwishoni, akamkabidhi kwa mikono miwili, na alipoiona boti ikitoka uani juu ya mkokoteni alikaa kitako kwenye ngazi, akashusha pumzi.

Nyumbani hapakuwa na raha. Hyasinta, mke wa Bartolomeo, alihesabu maksai waliorudi kwa macho tu, akaweka sufuria chini.

"Umeuza mmoja wa nira? Sasa utalimia nini? Utajifunga nira mwenyewe, au utanifunga mimi?"

"Ni kwa ajili ya mama," Bartolomeo alisema.

Hyasinta akaiokota sufuria. Hakufurahi, lakini aliacha kubishana, kwa kuwa jambo la mama kila mtu katika nyumba ile alilijua, mpaka majirani walilijua, na lilikuwa limewachosha wote.

Jambo lenyewe ni hili. Bibi Antonia, mama yake Bartolomeo, aliolewa akiwa msichana mdogo, akalima na mumewe Clemensi katika kibonde kimoja juu ya msitu, upande wa Nainokanoka. Mahindi, maharage, viazi. Jirani zao walikuwa wafugaji, wakibadilishana nao mahindi kwa maziwa, na hakuna aliyemwona mwenzake kama mgeni. Clemensi akafa, akazikwa nyuma ya nyumba. Mwaka uliofuata, wa sabini na tano, ikaja amri kwamba ndani ya hifadhi hapalimwi tena na wakulima washuke. Walishushwa kwa lori mahindi yakiwa bado mabichi. Lori lilikuwa na nafasi ya watu na vyungu. Kaburi lilibaki.

Antonia aligoma kuzoea. Kila aliyekuja kumsalimia alimwambia maneno yaleyale: "Nikifa sitaki kulala peke yangu kwenye shamba la watu. Nataka kulala na mzee wangu." Alikwenda ofisini kuomba, akapewa kiti, akapewa na maji ya kunywa, akaambiwa kwa upole kwamba maiti haipiti getini. Kupanda kwa miguu kupitia msituni hakuweza, magoti yalikuwa yamekwisha, na humo kuna nyati. Akazeeka akiwa na neno hilo moja, na Bartolomeo, mwanawe wa pekee, kila akiiona milima ile alishindwa kula vizuri. Ndivyo alivyofika kwenye boti.

Asubuhi ya kwanza ya ukungu mzuri aliikokota kwa maksai waliobaki mpaka mwisho wa shamba, pale mteremko unapoanzia, akaisukuma. Ilielea. Alipanda, akavuta kamba, ikampiga teke kama alivyoahidiwa, akavuta tena, ikawaka. Kisha akaona miguu yake imepotea. Ukungu ulikuwa unaingia kutoka nyuma, umefika kwenye vifundo, umefika magotini, na boti ikazama taratibu, kwa heshima, katikati ya maharage ya Martini.

Martini alikuja na jembe lake begani. Alizunguka boti, akatazama maharage yake yaliyolala.

"Ndugu yangu, hii kitu ina tundu nyuma."

"Naliona."

"Lina kazi gani?"

Hawakujua, kwa hiyo waliliziba. Martini alichonga gunzi la mahindi likakaa sawasawa, akapigilia kwa ngumi, na kwa miaka yote boti ile haikuwahi kuwa na kizibo kingine. Maharage alilipwa kwa siku mbili za kulimiwa, na hakuyataja tena isipokuwa akiwa amekunywa.

Usukani ulimpa Bartolomeo shida zaidi. Mtu aliyeongoza maksai tangu utoto anajua kwamba ukitaka kwenda kulia unavuta kulia. Boti haitaki hivyo. Ukiusukuma mkono wa injini kulia, pua inakwenda kushoto, na hakuna mjeledi wa kuirekebisha. Alizunguka juu ya bonde la Mbulumbulu akiigombeza kwa lugha ya nyumbani, akagonga kilele cha mti huu na huu, na watu waliokuwa wanapalilia chini ya ukungu waliinua vichwa wakisikia matusi yanapita juu, wakaendelea kupalilia.

Jumapili moja ya mwezi wa saba, baada ya misa ya kwanza, akampandisha mama yake. Antonia alivaa kitenge kipya, juu yake blanketi, akakaa benchi la mbele amenyooka kama anayekwenda arusini. Rozari alikuwa nayo mkononi, na chupa ya chai miguuni.

"Unaogopa, mama?"

"Niogope nini? Nilikuja huku kwa lori la serikali. Baada ya lile siogopi chombo."

Wakaondoka. Msitu ulikuwa umefunikwa wote, vilele tu vimetokeza, vina ndevu za kijani zinazodondosha maji, na nyani wamekaa juu yake wanatoana chawa. Walisogea kidogo kuipisha boti. Chini, wasipoonekana, tembo walikuwa wanavunja matawi. Bartolomeo aliisimamia injini akiipigia kelele kama kawaida yake, hoo, hoo, mpaka mama yake akageuka.

"Acha kuipigia makelele, haina masikio hiyo."

Kibonde walikikuta kimejaa mpaka ukingoni. Hapakuwa na kitu cha kuonekana isipokuwa ncha za mikaratusi miwili, na Antonia akaziinulia kidole, kwa maana ni Clemensi aliyeipanda mwaka aliozaliwa Bartolomeo. Wakateremsha nanga katikati yake. Ikashika kitu chini. Injini ikazimwa, na ukungu, ambao huwa na tabia hiyo, ukafunguka chini yao tundu kubwa kama ungo.

Antonia aliona kuta za nyumba yake, bila paa. Aliona mahali pa jiko lake, majani yamefika kiunoni. Kwenye shamba la mahindi nyati walikuwa wamelala wanacheua, wamelitanda lote. Na nyuma ya nyumba aliona mawe ya kaburi, hakuna hata moja lililohama. Akainama mpaka Bartolomeo akamshika kwa nyuma, kwenye blanketi.

"Clemensi!" aliita. "Clemensi, umeshazoea kulala peke yako, eh? Nimekuja. Nimezeeka vibaya, usinicheke. Meno sina." Akanyamaza kama anayesikiliza. "Mwanao kanunua boti. Kauza maksai. Ndiyo, mmoja wa nira. Nimemwambia na mimi."

Halafu akalia. Hakujificha, alilia kwa sauti kama mtu aliyefiwa leo, na Bartolomeo naye akalia huku bado ameshika blanketi, maana alikuwa akimwonea mama yake huruma miaka minane, na huruma ilikuwa haijapata pa kutokea.

Aliyekuja chini alikuwa askari wa hifadhi, kijana mmoja aitwaye Lembris, ana mkuki na koti la mvua. Akasimama karibu na ukuta akatazama juu.

"Habari za huko?"

"Nzuri. Za huko chini?"

"Nzuri. Baridi tu." Akatazama jua lilipokuwa. "Wazee, leo Jumapili. Saa nane imepita. Chombo cha moto hakitakiwi barabarani."

Na ni kweli, miaka ile petroli ilikuwa ya shida na magari ya watu yalisimamishwa Jumapili mchana nchi nzima.

"Hatuko barabarani," Bartolomeo alisema.

Lembris alilipima neno hilo. "Kweli," akasema. "Mmegusa ardhi?"

"Nanga tu."

"Nanga si mtu. Amri inasema ardhi, asiwepo mkulima kwenye ardhi. Huko juu sikuambiwa kitu." Akachomeka mkuki chini, akakaa kwenye ukuta wa Antonia. Hakuwa na haraka. Antonia akamteremshia chai kwa kamba, ndani ya kikombe cha bati.

"Wewe kwenu wapi, mwanangu?"

"Nilizaliwa ndani ya kreta kule, koko," alisema, akimwita bibi kwa lugha yao. "Sisi tulitolewa mwaka mmoja kabla yenu. Sasa naingia kwa zamu tu. Zamu ikiisha napanda."

"Na mama yako?"

"Yuko Endulen."

"Analalamika?"

"Kila siku anayopata pumzi."

"Mwambie Antonia anamsalimu," alisema, na wakakaa hivyo, wawili juu na mmoja chini, mpaka jioni, maana ukungu wa Mbulumbulu hukauka mchana na hakuna njia ya kurudi mpaka ushuke tena. Wa kule juu haukauki. Huwa unapanda tu na kushuka.

Basi ikawa desturi. Kila Jumapili ya msimu ule walikwenda. Antonia alibeba maharage yake akayapukuchua humo botini, maganda akayamwaga chini kwenye uwanja wake kama alivyokuwa akiyamwaga zamani. Alimweleza Clemensi nani kaoa na nani kafa. Alinenepa kidogo. Hyasinta, aliyekuwa amelima msimu mzima na maksai pungufu na bado alikuwa na kinyongo chake, alianza kuchemsha viazi vya safari bila kuombwa, akasema tu kwamba bibi akirudi kutoka huko siku hizi anaimba. Petroli ilitoka kwa Seif, kwenye dumu la mafuta ya kula, na Seif hakuuliza boti inaendeleaje. Hakutaka kulisikia hilo neno.

Mwaka uliofuata, ukungu uliporudi, Antonia hakuamka kitandani. Kifua kilimbana. Padre alikuja akampaka mafuta. Jioni alimshika Bartolomeo mkono akamwambia, "Usinizike hapa," na Bartolomeo akasema hapana, mama, sitakuzika hapa, na asubuhi akawa amekwenda. Majirani walijaa. Walilia, wakapika, wakachonga jeneza la mbao za mikaratusi, na hakuna aliyeuliza kaburi linachimbwa wapi. Martini alileta maksai wake wakaikokote boti.

Walikwenda watatu na marehemu: Bartolomeo kwenye injini, Hyasinta katikati ameegemea jeneza, Martini mbele na majembe mawili. Siku hiyo Bartolomeo hakuipigia injini kelele. Walipofika kati ya ile mikaratusi wakateremsha nanga, na chini wakamkuta Lembris amesimama wima, hakukaa ukutani. Pembeni yake alikuwapo mkubwa wake, amevaa koti la kijani. Gari lake lilikuwa limeegeshwa palipokuwa zizi.

Mkubwa alivua kofia alipoliona jeneza.

"Poleni sana kwa msiba," alisema.

"Tumeshapoa," Bartolomeo alijibu. "Tunaomba kushuka, mzee. Tuchimbe kaburi moja tu. Hapo karibu na baba."

"Kuchimba ni kulima."

"Hatupandi kitu."

"Leo hampandi. Kesho mtataka kupalilia. Keshokutwa mtapanda maua. Mwisho wake ni shamba." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesikitika kwamba mvua imenyesha.

"Mzee Clemensi mbona yumo?" Martini aliuliza.

"Huyo aliingia kabla ya amri."

Lembris alikuwa anatazama majani.

"Kwa hiyo turudi naye?" Bartolomeo aliuliza.

"Siwafukuzi," mkubwa alisema. "Mimi sina roho mbaya. Kwangu ni kuanzia majani kwenda chini. Huko juu hamna kosa, hata mkikaa mwaka." Akasogea chini ya boti, akainua macho, akalikagua gunzi. "Ila hicho kizibo kisichomolewe. Boti ikigusa ardhi inahesabiwa nyumba, na nyumba tutaitoa, na kilichomo."

Hyasinta alisimama mpaka boti ikayumba. "Wewe baba! Wewe una mama?"

"Nilikuwa naye."

"Yuko wapi?"

"Alizikwa nyumbani kwetu," alisema, akavaa kofia.

Bartolomeo alikaa kwenye injini akipima. Angemrudisha Mbulumbulu angemlaza mahali alipokataa kwa mdomo wake, kwa pumzi za mwisho. Kumshusha hapa ilikuwa ni kukubali atolewe tena kwa gari, safari hii amekufa. Alitazama tundu la ukungu, akaona mawe ya baba yake, na kutoka kwenye jeneza mpaka kwenye mawe hapakuwa hata na urefu wa watu wawili. Wakati Martini anakuja kusema neno, yeye alikuwa ameshaamua: mama atabaki hapo juu, botini. Alimwomba Lembris aitoe nanga pale ilipokwama, aifunge kamba kwenye jiwe la kichwani. Lembris alifunga fundo la kufungia ndama, lile lisilofunguka lenyewe, akalivuta kulijaribu, akalivuta tena. Mkubwa alimwangalia tu. Kufunga hakukuwa kulima.

Wakamfunika mama blanketi lake juu ya jeneza, kwa ajili ya baridi. Wakasali. Wakashuka kwa kamba mmoja mmoja, kwa kuwa mkulima anayetoka hakatazwi kukanyaga ardhi, anayekatazwa ni anayebaki, na mkubwa akawapa lifti mpaka getini. Njiani aliwauliza mvua huko kwao zimekwendaje. Martini alijibu, maana wengine wawili hawakuweza.

Boti ipo mpaka leo. Asubuhi ukungu ukishuka inashuka nao mpaka karibu na mawe, mchana ukipanda inapanda, kamba inakaza. Lembris huipitia kila zamu na kutazama fundo. Anasema mwezi wa pili, ukungu ukiwa haba, hukaa chini sana, majani yanaligusa tumbo lake, na yeye husimama hapo akisubiri. Halafu hewa ya jioni inainyanyua. Watalii nao wameiona. Huambiwa ni boti, wanapiga picha, gari linaendelea.

Mbulumbulu shida imekuwa nyingine. Kwetu, nyumba yenye maiti ambayo haijafukiwa haichanganyi mifugo na ya wenzake kwenye maji. Wengine wanywe kwanza, watoke, ndipo hao washuke, mpaka siku maiti itakapoingia kaburini na familia itakapooshwa. Kwa kawaida ni siku chache, na hakuna anayeona ni adhabu. Wazee walikaa kujadili kama aliye juu ya kaburi amezikwa au hajazikwa. Walimpenda Antonia, na walijua kosa si la Bartolomeo. Wakasema hajazikwa.

Kwa hiyo kila siku alasiri Hyasinta husimama mteremkoni na ng'ombe wake, mbali kidogo, akingoja. Ng'ombe wanaona maji, wanalia. Martini huwa wa mwisho kati ya wengine, na huwaharakisha wake makusudi, anawapiga viboko wasichezee maji. Akipita karibu yake husimama.

"Bado, shemeji?"

"Bado."

"Haya," husema Martini, na hupeleka ng'ombe wake nyumbani. Hyasinta huwaachia wake, nao hushuka mbio, wakanywe matope yaliyobaki.